Inchi Mbili

Ukuta mzima wa mbele wa nyumba ya ghorofa unang'oka na kumwangukia kijana aliyesimama chini yake, amepigwa na bumbuwazi, hana habari. Kijana hafi. Juu kule palikuwa na dirisha lililoachwa wazi, na dirisha hilo limeshuka na ukuta wake, likampitia kichwani na mabegani, likatua ardhini naye akiwa katikati yake huku vumbi likifuka pande zote. Anautazama ukuta uliolala, anaelewa, anatimua mbio. Yote hayo yamekwisha kabla hujameza mate.

Wapwa zangu, niliokuwa nikitazama nao sebuleni, walipiga kelele kwa pamoja: rudisha! Nikarudisha. Wakataka tena. Yule mkubwa akakunja uso, akauliza swali ambalo watoto wa zama hizi huuliza kila wanapoona ajabu: "Mjomba, hiyo si kompyuta tu?" Nikamwambia filamu hii ilitoka mwaka 1928. Akanyamaza, akasogea karibu na skrini, akaanza kuutazama ukuta upya kwa jicho la mtu anayetafuta waya.

Waya haupo. Filamu inaitwa Steamboat Bill, Jr. na kijana yule ni Buster Keaton. Jina lake nililijua siku nyingi. Kazi yake sikuwahi kuikalia mpaka usiku ule. Huku kwetu Charlie Chaplin ndiye aliyefika, na viatu vyake na bakora yake vinajulikana hata na mtu ambaye hajawahi kuona filamu yake hata moja. Keaton alibaki nyuma ya mlango.

Inasimuliwa kwamba ukuta ule ulikuwa na uzito wa tani mbili hivi. Keaton mwenyewe alieleza baadaye kuwa nafasi iliyobaki ilikuwa inchi mbili kila bega, na inchi kama hizo juu ya kichwa na nyuma ya visigino. Inchi mbili ni upana wa vidole vitatu. Miguu ilipaswa kukaa pale pale palipotiwa alama. Chafya moja, kuyumba kidogo, na hadithi ingeishia hapo. Tena alisimama hivyo katikati ya upepo, maana mji mzima wa mbao ulijengwa kando ya mto huko Sacramento, California, halafu zikaletwa injini za ndege kuupuliza. Wanasema baadhi ya waliokuwapo waligeuza nyuso wasione. Kazi hiyo ilifanywa mara moja ikatosha, na hakuna aliyeomba irudiwe kwa ajili ya uhakika.

Nilipoanza kufuatilia habari zake niligundua kwamba mzaha ule haukuzaliwa Sacramento. Mwaka 1919, Keaton akiwa bado chini ya Roscoe Arbuckle, yule bwana mnene aliyemwingiza kwenye sinema, walitengeneza filamu fupi iitwayo Back Stage, na humo kipande cha mapambo ya jukwaani chenye dirisha kinaanguka na kumpitia Arbuckle bila kumgusa. Mwaka 1920, katika One Week, Keaton ni bwana harusi aliyepewa nyumba ya kuunganisha mwenyewe, na ukuta wa nyumba hiyo unamwangukia kwa mtindo ule ule. Kisha akauweka mzaha wake kando miaka minane. Alipourudia, kitambaa na fremu vilikuwa vimekwisha kuwa mbao, na mbao zimekuwa uso mzima wa nyumba. Kila aliporudi alikuwa ameongeza uzito na kupunguza nafasi.

Fundi wa kukaa na wazo moja namna hiyo, akiliacha likomae, sijui leo tungempa jina gani. Mchekeshaji wetu wa sasa akipata mzaha mmoja ukapendwa Jumatatu, kufika Alhamisi amekwisha kuurudia mara kumi, na katika mara zote kumi hakuna hata msumari mmoja ulioongezeka.

Tazama pia kamera ilipo. Imesimama mbali, imetulia, na ndani ya picha moja isiyokatwa unaiona nyumba yote, ukuta wote, na mtu mzima kuanzia unyayo hadi utosi. Ingekuwa rahisi kuupiga picha ukuta ukianza kuinama, kukata, kisha kumwonyesha mtu amesimama ndani ya dirisha. Usalama wa mtu ungekuwa mwingi na gharama ingekuwa ndogo. Lakini hapo mtazamaji angelazimika kuamini, na mtu anayejilazimisha kuamini hacheki vizuri. Keaton hakuomba kuaminiwa. Aliweka vyote mbele ya macho yetu kisha akasimama kwenye alama yake.

Sasa niseme juu ya kofia, maana ukuta umesifiwa na wengi na hauhitaji sauti yangu.

Mapema katika filamu hiyo, nahodha mmoja mkubwa wa mwili, mwenye meli chakavu ya mtoni, anampokea mwanawe ambaye hajamwona tangu utotoni. Nahodha huyo ameigizwa na Ernest Torrence, mtu mrefu mwenye mikono ya kuvunjia makasia. Anatarajia kumwona dume la mbegu, na mtoto anayeshuka ni kijiti cha mtu, na kofia ya kilimbwende kichwani, kimstari cha masharubu juu ya mdomo na kigitaa mkononi. Masharubu yanaenda kinyozi siku hiyo hiyo. Kofia inapelekwa dukani ibadilishwe.

Dukani baba amesimama kando, muuzaji anamvika kijana kofia moja, anaivua, anamvika nyingine. Keaton anatutazama sisi moja kwa moja, kana kwamba kamera ndiyo kioo cha duka. Uso haubadiliki. Hacheki, hanuni, hakonyezi. Lakini kila kofia inayotua inamfanya mtu mwingine kabisa: sasa ni tajiri, sasa mhuni, sasa mtoto aliyeiba kofia ya babaye. Inakuja pana, inakuja ndefu, inakuja ya kuzama hadi masikioni. Katikati ya pilikapilika hizo inatua kichwani mwake kofia fupi, bapa, yenye ukingo ulionyooka. Anashtuka, anaivua haraka haraka kabla baba hajaiona. Hiyo ilikuwa kofia yake mwenyewe, ile ya filamu zake nyingi zilizotangulia, na watu wa mwaka 1928 waliitambua mara moja. Wapwa zangu hawakuelewa kitu. Mimi nilikuwa nimeiona kwenye picha za vitabuni, nikacheka peke yangu, na nikafurahi kucheka peke yangu.

Kofia ile aliitengeneza kwa mikono yake. Alichukua kofia nzuri ya Stetson, akaikata ikawa fupi, akakoroga sukari na maji ya vuguvugu kwenye kikombe cha chai, akaulowesha ukingo, akaulaza mahali bapa mpaka ukauke uwe mgumu. Marehemu babu yangu aliitia wanga kofia yake ya viua kwa subira hiyo hiyo, akaivalisha sufuria ndogo ikaukie katika umbo lake, na ole wake mtoto ambaye angeigusa kabla ya Ijumaa. Babu alikuwa na kofia moja ya kutunza. Keaton alikuwa mtu wa kutumbukia mitoni, kuchafuliwa na matope na kukimbizwa na polisi, kwa hiyo kofia zilimwishia na ilimbidi akoroge sukari tena na tena. Alikuwa na studio yake na watu wa kutosha wa kumfanyia kazi ndogo kama hiyo. Aliifanya mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1895 huko Kansas, wazazi wake wakiwa wasanii wa majukwaani, watu wa kulala mji huu na kuamkia mji ule. Alipopata tu nguvu za miguu aliingizwa kwenye mchezo wa familia, na mchezo wenyewe ulikuwa huu: mtoto anamkera baba, baba anamrusha. Alirushwa kwenye mapambo ya jukwaani, na nguo yake ilishonewa mshikio wa sanduku mgongoni ili baba apate pa kushika. Chama cha kulinda watoto huko New York kiliwaandama baba na mwana kwa miaka. Leo baba wa namna ile angefikishwa mahakamani, na mimi ningekuwa upande wa hakimu. Lakini katika shule hiyo ya ajabu mtoto alijifunza mambo mawili ambayo hakuna mwalimu aliyeweza kumfundisha tena mtu mwingine: namna ya kuufikisha mwili ardhini bila kuuvunja, na kwamba yeye akicheka, watu hawacheki.

Kutoka hapo ndipo ulipokuja ule uso mkavu. Watu huuzungumzia kama kasoro au kama kinyago, nami nadhani ni adabu. Mtu anayeanguka huku akituonyesha kwamba anachekesha ametuomba kitu. Keaton haombi. Kwenye tufani ya filamu hii anatembea akiulalia upepo mpaka kiwiliwili chake kinakaribia kugusa matope, anapiga hatua, anasukumwa nyuma, anajaribu kuruka mbele, anabwagwa. Na usoni mwake kuna hesabu tu, ile hesabu ya mtu anayetafuta njia ya kufika dukani mvua ikinyesha. Hospitali inang'olewa yote na kumwacha kitandani. Kitanda kinaondoka naye barabarani. Anashikilia mti, mti unang'oka, unapaa naye hadi mtoni. Huko mtoni ndiko anakuja kuwaokoa baba yake, mchumba wake na baba wa mchumba, kisha anajitosa tena majini, mchumba anahamaki haelewi anakwenda wapi, naye anarudi akivuta kasisi ndani ya boya. Ndoa itafungwa. Filamu imekwisha. Ni dakika kama sabini tu.

Usiku uliofuata nilitafuta The General, ya mwaka 1926. Wengi wanaiita kazi yake kubwa kuliko zote, na sitabishana nao, ingawa moyo wangu umebaki kwenye duka la kofia. Kuna mahali amekaa mbele kabisa ya kichwa cha treni kinachotembea, amekumbatia taruma la reli, zito, la mti. Mbele yake adui wamelaza taruma jingine juu ya njia. Analiinua lile alilonalo, analitupa juu ya ncha ya lile lililolala, na yote mawili yanaruka nje ya reli treni ikiwa karibu kuyafikia. Pigo moja, kwa kipimo. Angekosea, treni ingetoka kwenye njia naye akiwa mbele yake. Kuna pia daraja linaloungua juu ya mto Row huko Oregon, na garimoshi la kweli linalotumbukia humo. Inasemekana picha hiyo moja iligharimu dola 42,000, na chuma kile kilibaki mtoni hadi siku za Vita ya Pili ya Dunia kilipokuja kutolewa na kuuzwa chakavu.

Watu hawakuipenda. Wahakiki waliibeza na fedha hazikurudi kama ilivyotarajiwa. Tangu hapo wenye mifuko wakaanza kumtazama kwa jicho la mhasibu.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na Keaton alikuwa amecheza kwao kwa miaka minane. Kwao maana yake studio yake ndogo, mpiga picha wake, watunga mizaha wake, na kazi isiyoandikwa kwenye karatasi. Walijua mwanzo wa hadithi na mwisho wake, katikati ilijitafuta. Wazo likigoma waliacha kamera, wakatoka nje kucheza besiboli mpaka mmoja wao apate jibu. Mwaka 1928, mara baada ya Steamboat Bill, Jr., alihamia MGM, kampuni kubwa yenye wasimamizi, ratiba na miswada iliyopigwa chapa. Filamu ya kwanza huko, The Cameraman, bado ina pumzi yake. Baada ya hapo walimpa maneno ya kusema na wenzake wa kusema nao, wakamwekea watu wa kuanguka badala yake kwa sababu mwili wake sasa ulikuwa mali ya kampuni. Mwenyewe aliuita uamuzi wa kuhamia MGM kosa kubwa kuliko yote katika kazi yake. Pombe ikamchukua. Mwaka 1933 wakamfukuza, na miaka michache baadaye wakamrudisha mlango wa nyuma kuwatungia wengine mizaha kwa dola 100 kwa wiki, yeye aliyekuwa akipokea 3,000. Kuwaambia wengine waanguke vipi, hiyo ndiyo kazi iliyobaki.

Alibahatika kwa jambo moja: filamu zake nyingi zipo. Filamu ndefu za kimya zilizotengenezwa Marekani zilifikia karibu elfu kumi na moja, na uchunguzi uliotolewa na Maktaba ya Bunge la nchi hiyo mwaka 2013 ulionyesha kuwa takriban asilimia 14 tu ndizo zilizosalia katika umbo lake la asili. Nyingine ziliungua, nyingine ziliozea makoponi, nyingine zikayeyushwa ili kupata fedha iliyokuwa ndani ya ukanda. Fikiria ni miili mingapi iliyoanguka kwa ufundi ambayo hakuna atakayeiona tena. Filamu kadhaa za Keaton zilikutwa kwenye nyumba aliyokuwa akiishi zamani, baada ya mwigizaji James Mason kuinunua.

Kwetu alifika kwa njia ya kuzunguka. Sisi tuliolelewa vibandaumiza, tuliobanana kwenye mabenchi kutazama mikanda ya Hong Kong, tuliuona ule ukuta bila kujua ni wa nani. Jackie Chan aliuangusha juu yake mwenyewe mwishoni mwa Project A Part II, mwaka 1987, kwa heshima ya Keaton, kama alivyokuwa amening'inia kwenye saa ya mnara katika filamu iliyotangulia kwa heshima ya Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine wa filamu za kimya. Hakuna aliyetuambia. Wakalimani wa filamu walituongezea maneno yao matamu, na mmoja wao, Lufufu, aliposhika zamu hata adui alipewa lahaja ya uswahilini. Lakini pale ukuta ulipoanguka hapakuwa na la kukalimani. Kibanda kizima kilipiga yowe moja.

Nasi tumewahi kuwa na watu wa kipimo. Marehemu Amri Athuman, King Majuto wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa na kusita kwake. Angeambiwa neno, angegeuka nusu, angebaki hapo kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo heshima, kisha ndipo jibu litoke. Na jibu lenyewe mara nyingi lilikuwa la kawaida, kwa kuwa kicheko kilikwisha kupatikana kwenye lile geuko. Nimewaona vijana wengi wakiiga sauti yake. Sijamwona anayeiga kusita.

Washa televisheni leo utazame komedi zetu, au fungua simu. Watu wamekaa kwenye makochi wanagombana. Kila mmoja akifungua mdomo, mhariri anaweka kengele, ngoma, au mlio wa mbuzi, kutujulisha kwamba hapa pamechekesha. Mtu akiteleza, kamera ipo usoni pake: tunausikia mshindo, mguu ulioteleza hatuuoni, ardhi hatuioni. Na picha nyingi siku hizi zimesimama wima kulingana na skrini ya simu, ambako mtu wa kusimama anaenea, lakini mtu wa kukimbia hana pa kukimbilia.

Miili haijatuishia. Sarakasi inafundishwa Bagamoyo, kwenye chuo kile cha sanaa, TaSUBa, na watoto wa fukweni wanajifundisha wenyewe juu ya tairi lililofukiwa mchangani. Nenda Forodhani, Unguja, jioni maji yakiwa yamejaa, uwatazame vijana wanaojirusha kutoka ukutani. Mmoja anajifanya anafukuzwa. Mwingine anatembea akizungumza na mwenzake, anazungumza, anazungumza, ukuta unaisha na yeye anaendelea na mazungumzo angani. Yupo anayeteleza kwa makusudi kwa ustadi ambao ungedhani ni bahati mbaya, mpaka umwone anapanda na kuteleza tena mahali pale pale. Watalii wanapiga makofi, wanawarekodi kwa simu, wanakwenda kula urojo. Vijana wale wanajua kina cha maji yakijaa na yakipwa, wanajua jiwe lipi lina utelezi na hatua ngapi zinatosha kabla ya kuruka. Kipimo wanacho. Mwongozaji wa kufika pale na kamera, akaisimamisha mbali, akawaambia warudie mpaka iwe sawa, huyo ndiye bado hatujampata, na magoti ya vijana wale hayatamngoja.